Leso Niliyoiacha Kitale

Nimeuona Mlima Elgon kila asubuhi tangu nizaliwe, na kila asubuhi ni uso uleule. Nyumba yetu hapa Kitale inautazama, duka la dawa za mifugo ninamouza linautazama, hata kaburi la nyanya yangu linautazama. Mwaka huu nikasema imetosha, nataka kuuona mgongo wake. Ningeuzunguka kwa baiskeli: niingie Uganda kupitia Suam, nitokee Lwakhakha, nishuke Chwele hadi Bungoma, kisha nirudi nyumbani. Mume wangu, Wekesa, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Aliponiona nimeanza kupima mizigo, akaacha kucheka.

Kitale, kabla ya kuondoka. Anayepanda milima kwa nguvu za magoti yake hujifunza uchoyo wa gramu. Nilileta mizani ya dukani, nikaiweka mezani, na kila kitu kikahukumiwa hapo. Hema lilipita bila maswali: la buluu, jepesi ajabu, nililiwekea akiba muda mrefu. Fulana mbili zilipita, moja ya njiani na moja ya kulalia. Mswaki niliukata mpini. Betri ya akiba ya simu, nje. Suruali ndefu, nje, maana kaptura ya kubana ya waendesha baiskeli hukauka upesi. Keria ya nyuma niliifungua kwa spana nikaitupa stoo. Mkoba mwembamba chini ya kiti ungetosha. Mwisho ikabaki leso, ile niliyopewa na mama mkwe siku ya kwanza nilipoingia kwake.

"Hiyo pia unaacha?" Wekesa aliuliza.

"Si uone mwenyewe mizani inasema nini."

"Na ukipita kwetu?"

"Kwenu napita mbio. Kofia kichwani, miwani machoni. Nani atanijua?"

Aliikunja leso akairudisha kabatini. Baba yake, Mzee Simiyu, anaishi karibu na Chwele, naye ni mtu wa desturi. Kwa Wabukusu wa rika lake, mke wa mwana na baba mkwe hawagusani wala hawapeani mkono, na mapaja ya mke wa mwanawe ni kitu ambacho mzee hafai kukiona. Miaka yote ya ndoa yangu nimemsalimu kwa mbali, kichwa chini. Nilikuwa namwogopa kuliko radi.

Suam, jioni ya kwanza. Nilipita miji midogo ya Kwanza na Endebess katikati ya mahindi, baiskeli inateleza yenyewe, nikawa najipongeza kwa sauti kama mwendawazimu. Mpakani nilipokewa na Mama Chebet, muuza vitunguu anayetuletea bidhaa Kitale. Alinipa uwanja wake nipige hema. Alikishika kitambaa chake kwa vidole viwili.

"Ati utalala ndani ya hii karatasi?"

"Haipitishi maji, Mama."

"Haya. Na leso yako iko wapi?"

"Sikubeba."

Alishtuka kuliko alivyoshtukia hema. "Mwanamke ametoka kwake bila leso? Ukipata msiba njiani? Ukipata mtu amelala chini?" Akavua yake akaniwekea begani. Asubuhi nilimrudishia kwa shukrani nyingi, kwa sababu ya gramu. Aliipokea akitikisa kichwa.

Bukwo na Kapchorwa. Mgongo wa mlima ulinipiga butwaa. Nilitarajia kitu cha nyuma, kama nyuma ya duka palipo na makopo na takataka. Nilikuta maporomoko ya maji yakishuka kwenye majabali meusi, na kahawa mpaka mlangoni pa watu. Mzee mmoja aliyenipa maji aliuliza ninatoka wapi. Nilipomwambia natoka upande wa mbele wa mlima, alicheka mpaka akaketi. "Huko kwenu ndiko nyuma," alisema. Niliteremka hadi Mbale nikiwa na aibu kidogo, lakini mzigo wangu haukuwa umenisumbua hata mara moja, na hilo lilinirudishia majivuno.

Lwakhakha, siku ya kuingia Kenya. Nilivuka mpaka mchana, nikapanda hadi Cheptais, nikala ndizi sokoni, kisha nikaanza kuteremka kuelekea Chwele. Niliiacha barabara kubwa nikashika njia ya vumbi kati ya mashamba, nisije nikakutana na mtu wa kwetu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya.

Kwenye bonde moja niliona baiskeli nyeusi, zile kubwa za chuma, imelala mtaroni na gurudumu bado linazunguka. Kando yake palikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, panga, na mzee aliyeshika mguu wake kwa mikono miwili. Damu ilikuwa inapita kati ya vidole. Alipoinua uso, alikuwa Mzee Simiyu.

Moyo ulinipasuka paa! Nilisimama pale mapaja nje, sijui nikimbilie kwake au nikimbie. Naye alinitazama mara moja tu, halafu akafumba macho na kuyakaza kama mtoto anayenyweshwa dawa chungu.

"Mtu wa safari," alisema, "leo macho yangu imekataa kuona. Kama uko na roho, kuja unisaidie. Rakini haraka, bana, damu inaisha."

Asiyekujua hana sababu ya kukufumbia macho.

Niliitoa fulana ya kulalia, nikaikunja, nikaikandamiza juu ya kidonda na kuifunga kwa kamba za hema. Nilikuwa nimemgusa baba mkwe. Kisha nikachukua panga lake nikalipasua hema langu, lile la buluu, nikajifunga kiunoni hadi vifundoni.

"Unaweza kufumbua sasa," nilimwambia kwa sauti nzito isiyo yangu.

"Hapana. Wacha yakae tu hivi."

Simu yangu ilikuwa imezima tangu asubuhi, na betri ya akiba ilikuwa Kitale. Yake aliiacha nyumbani. Njia nzima hapakuwa na mtu, mawingu yaliwafukuza wote. Baiskeli yangu haikuweza kubeba hata paka, haina keria. Niliisukumia ndani ya mahindi, nikainua yake, nikapitisha mikono chini ya makwapa ya mzee na kumnyanyua kwa nguvu zangu zote.

Nusura nimrushe upande wa pili. Hakuwa na uzito! Mtu niliyemwogopa miaka yote hiyo, ndani ya koti lile kubwa palikuwa na mifupa na joto kidogo. Nilishtuka kuliko nilivyoshtukia damu, machozi yakanitoka. Nimepima mpaka mswaki, lakini huyu sikuwahi kumfikiria kuwa ni mtu anayeweza kubebwa.

Nilimweka kwenye keria, akashika kiti kwa mikono yote miwili. Mvua ikatushukia. Nilisukuma chuma kile kupanda kilima kwenda kituo cha afya, hema likinipiga miguuni, matope yakinivuta viatu. Kila niliposimama kuvuta pumzi alisema neno moja tu: "Twende." Mara ya mwisho hakusema, nikasukuma mbio.

Kwenye kituo cha afya walimchukua mikononi mwangu, wakamshona. Daktari alitoka akasema tungechelewa kidogo angetuambia mengine. Akaniuliza, "Wewe ni nani wake?"

Mzee ndiye aliyejibu kutoka kitandani, macho bado amefumba. "Huyo ni msafiri tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Chwele, asubuhi iliyofuata. Nililala gesti, maana hema halikuwa hema tena. Asubuhi niliichukua baiskeli yangu kwenye mahindi, nikanunua leso sokoni, nikajifunga vizuri, nikaenda kwa wakwe kama mke wa Wekesa. Mama mkwe alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mzee alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya kigoda. Nilimsalimu kwa mbali, nikakaa karibu na mlango wa jikoni. Alizungumza akiwatazama ng'ombe.

"Umesikia vile nilianguka? Msafiri mmoja akaniokoa. Sura sikuona, si unajua vumbi ya hapa. Rakini nguvu ya huyo mtu! Alinibeba mimi, mwanaume mzima."

Mama mkwe alikohoa, akaingia jikoni. Mimi nilikuwa nimeinamisha macho chini.

"Sasa wewe unatembea barabara," akaendelea. "Ukikutana na yeye, mpe ule jogoo mwekundu. Mwambie Simiyu amesema asante." Kisha akaigeukia baiskeli yangu, akashangaa kweli. "Na hii utafunga jogoo wapi? Haina hata keria! Mama Wekesa, itia fundi afungue ile yangu. Mguu huu haupandi kitu saa hii."

Bungoma na kurudi. Fundi aliifunga keria kwa vipande vya mpira, chuma kizito kwenye fremu yangu nyembamba. Nilifika Bungoma kama nilivyopanga, nikageuza, nikapanda kupitia Kimilili hadi nyumbani. Magoti yaliniuma njia nzima na jogoo aliwika kila soko. Wekesa alitoka nje, akaangalia keria ya baba yake, akaangalia jogoo, kisha akaniangalia mimi. Nilipomsimulia, aliketi chini kwenye ngazi akashika kichwa.

Anayeniuliza sasa apunguze nini kwa safari ndefu namwambia: kata mswaki ukitaka, lakini acha mahali pa kumbeba mtu. Leso iko mkobani. Keria sijaifungua. Jogoo hajachinjwa, anawika nyuma ya duka.

Mzee siku hizi hupiga simu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akishanisalimu huuliza kama yule msafiri ameonekana.

"Bado, Baba. Namtunzia jogoo wake."

"Sawa," husema. "Ukimpata, mwambie asisahau njia ya hapa kwetu."