Ngome ya Mureno Ndani ya Magunia

Hapa Likasi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilianza kununua mawe ya shaba nikitembea miguu mitupu, leo depo ni langu, malori ni yangu, na wenye diploma wananiamkia mimi. Nimeletewa mchanga uliopakwa rangi, nimeletewa kokoto za barabarani zimefichwa katikati ya gunia, nikacheka tu. Kumbe nilikuwa sijamwona Kalenga.

Harufu ya utoto wangu ni samaki wakavu wa ziwa Tshangalele na mafuta ya zeituni. Kiangazi kimoja mama alikosa pesa ya shule, nikawa nashinda naye barazani kwa Mureno, mzee Anselmo, aliyemwachia nafasi ya kuuza samaki wake mbele ya duka bila kumdai kitu. Nyuma ya kaunta ukuta mzima ulikuwa wa vigae vyeupe vilivyochorwa kwa buluu: mji wake wa Ureno, wote, na mto wake chini. Vigae vilikuja kwa treni kutoka bandari ya Lobito vimelazwa ndani ya majani makavu, na baba yake ndiye aliyevibandika.

Sisi watoto wa Panda, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda, tuliona mnara juu ya kilima, tukajua ni shemine ya kiwanda. Mji usio na shemine tungeuona wapi? Nikamuuliza mbona haitoi moshi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Weye mutoto, kule hatupike shaba. Hii iko ngome."

Tangu hapo alinipa mkate wa mafuta ya zeituni, akanifundisha mji ule kwa ncha ya bakora yake. Ukuta ulijengwa kwa sababu mfalme jirani aliutamani mji, na wanawake ndio waliopandisha mawe kilimani, wameyabeba ndani ya aproni. Daraja lilikuwa la zamani kuliko kanisa. Mbele ya nyumba ya hakimu ilisimama nguzo ya jiwe, ndipo walipofungwa wezi watu wote wawaone. Hata buluu yenyewe, alisema, hupikwa kwa kobalti, madini kama haya ya kwenu. Jina langu sikujua kulisoma, lakini mji ule niliusoma. Ataniuliza mtu, mji wa wazungu unakuhusu nini? Unanihusu. Baba zetu waliijenga Panda kwa mikono yao, na hakuna aliyetuchorea hata tofali moja.

Mureno alizikwa hapa hapa Likasi. Duka likapita mikono mingi, mwisho akalipanga Kalenga, mchimbaji. Mwezi uliopita alinimwagia gunia kwenye mizani, na ndani ya vumbi, kwenye vipande vya vigae, nikaona upinde wa daraja. Nikaona nusu ya mwanamke na aproni yake.

"Patron, angalia buluu hii. Iko kobalti safi, hata mutoto anaona."

Mashine ya kupima madini haikuonyesha kitu. Ile rangi ni nyembamba kuliko utando wa chai. Ameponda mji mzima kwa nyundo ili akune utando.

"Basi mashine yako iko mugonjwa," akasema.

Nilimpakia kwenye gari pamoja na gunia lake, tukaenda kwenye duka la Mureno. Ukutani ilibaki nguzo ya wezi na kipande cha ukuta wa ngome, kando yake magunia mengine yamefungwa tayari. Nilimtazama Kalenga, nikaitazama nguzo, nikatamani kamba. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kibemba na kwa Kifaransa kidogo nilicho nacho. Yeye alikuwa ananitazama machoni.

"Patron, minye nilizani ni takataka. Kumbe unazililia. Basi ziko na bei."

Mimi, ninayemshusha kila mtu bei mpaka aape, sikubishana hata senti. Sasa nguzo iko sebuleni kwangu, na magunia yako stoo, sijui nani ataviunga vipande. Watoto wangu wana simu, wanaweza kuuona mji wowote wa dunia, na hawajaniuliza hata mara moja ile ni nguzo gani. Mzee Anselmo alinipa mji mzima bure, na mkate juu yake. Kalenga aliniuzia vumbi lake kwa dola elfu moja mia tisa na sitini na tano.