Fundi aliyehurumia nyimbo zake

Wakati wa vita, pale Pinga, nilikuwa napiga watu picha, hata kama masomo yangu haikufika mbali. Siku moja ordinateri, ile kompyuta yangu ya kutolea picha, ikakataa kuwaka, na wakimbizi wa Kashuga walikuwa wananingojea, maana bila picha hawapate karte ya chakula. Nikaita fundi wa Goma. Akafika na pikipiki, viatu yake nyeupe. Viatu nyeupe Pinga, na ile matope yetu. Lakini tuache viatu. Akala kuku yangu, akatia klé yake, ile flash ya kuwekea nyimbo, kwenye radio yangu, akatupigia rumba.

Kisha akatia klé ile ile kwenye ordinateri yangu, maana aliweka humo pia système, ile programu ya kuamusha mashini. Ekran ikaandika kama haione système. Akarudilia, ile ile.

"Papa, mashini yako imekufa."

Fundi mwingine, aliyekujaka mbele yake, alinielezaka kama système haiwekwe kwenye klé kama vile wimbo, inalala tu bila kuamusha mashini. Inachomwa, ni kusema inaandikwa na programu ya pekee, na yote iliyokuwa mu klé inafutika.

"Na rumba yako," nikamuuliza, "iko mu klé hii mupaka sasa?"

Alijua muzuri. Kwake ilikuwa heri mashini yangu ife kuliko afute nyimbo.

"Choma," nikamwambia.

Akachoma na ordinateri yake mwenyewe, mabega chini. Akatia klé kwenye ya kwangu, ikawaka. Mama mumoja, aliyeacha nyumba yake ikiungua, njo alikaa wa kwanza kupigwa picha. Akamwangalia fundi, mabega yake bado chini, na huruma.

"Pole, kaka. Nani amekufa kwenu?"