Usingizi Wangu Ulivyohamia kwa Tatu

Nilipokuwa bado mtoto wa kulalia mgongo wa bibi, sikujua kwamba usingizi wa mtu unaweza kumhama ukaenda kwa mwingine. Nilikuja kulijua hilo mwaka ule tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Tabora mjini, kwenye nyumba zilizopangwa mistari kama mahindi, nyasi za paa bado zinanukia ubichi.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa akiniita mke mwenzangu. Ndivyo mabibi wa kwetu wanavyotaniana na wajukuu wao wa kike. Babu alikuwa ameshakufa, kwa hiyo tulikuwa tunagombania marehemu. "Mke mwenzangu, sogea huko, leo zamu ni yangu," alikuwa akisema, nami nacheka, najibana kwenye mgongo wake wenye joto na harufu ya tumbaku, nalala. Sikujua hata kama kulala ni kazi.

Kisha akaja Tatu, binti wa shangazi yangu wa Isevya, kule Tabora mjini. Alikuwa mdogo kwangu kidogo, na alivaa viatu. Shangazi alipanda treni kwenda Kigoma kumwuguza mumewe, akamwacha kwetu. Jioni ya kwanza Tatu alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Bibi akamvuta kwake, akasema, "Njoo, mke mwenzangu, njoo ulale hapa."

Nasema kweli, hata leo nikilitamka neno lile kifua kinapata moto. Mke mwenzangu, kwa mtu aliyefika mchana! Mimi nikaonyeshwa mkeka karibu na mlango. "Wewe umekua, Kabula," bibi akasema. Nani alimwuliza?

Na kuna kilichoniuma kuliko huo mgongo. Baba yake bibi alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, akamwachia bintiye namna ya kulala ya wapagazi. Bibi alisema, wakifika kambini, mzigo wa begani hutuliwa mara moja, lakini mwili hubaki bado umeubeba. Lazima nao uutue, kipande kipande. Kwa hiyo alimwosha Tatu miguu kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta ya karanga, akawa anamwambia taratibu, kila neno na pumzi yake ndefu: "Tua nyayo. Haya. Tua magoti. Tua kiuno. Tua mabega, mwanawane, safari imekwisha." Kabla hajafika kichwani, Tatu anakoroma. Mimi sikuwahi kufanyiwa hivyo hata siku moja! Nilikuwa nalala bila shida, nani angenihangaikia?

Nikawa namtazama. Kila siku, kwa mwanga wa koroboi, namtazama mdomo wake ulivyo wazi, namsikiliza anavyovuta pumzi kama mtu anayekunywa kitu kitamu, macho yangu makavu kama changarawe. Mchana nasinzia kwenye shamba la kijiji, jembe mkononi, wakubwa wananicheka: "Mwacheni Kabula, anaota mavuno ya ujamaa!" Ikawa siku nikasinzia jikoni nikikoroga uji wa kusongea ugali, sufuria ikapinduka, ukanimwagikia mguuni ukiwa wa moto. Mama akaogopa. Akasema nina kitu, nipelekwe kwa mganga.

"Mganga wa nini?" bibi akauliza. Alikuwa ananipaka asali pale nilipoungua. "Kabula, niambie. Mwenzio akilala, wewe unamtazama?"

"Namtazama."

"Kwa jicho zuri?"

Nikainamia mguu wangu, nikaanza kupangusa asali iliyochuruzika.

"Basi usingizi wako uko kwake. Ukimtazama mtu aliyelala kwa jicho la wivu, usingizi unakutoka wewe unamwingia yeye. Hujaona anavyolala kama gogo? Analala wa watu wawili yule."

"Nitaurudishaje, bibi?"

"Umempa kwa macho, utauchukua kwa mikono. Leo utamlaza wewe."

Nililia. Nimwoshe miguu Tatu, mimi! Lakini nilikuwa nimechoka, na nilishaanza kuamini kwamba sitalala tena maisha yangu yote. Jioni nikaleta maji.

"Mikono yako inakwaruza," Tatu akasema.

"Nyamaza. Tua nyayo."

"Hujapaka vizuri. Bibi anapaka mpaka katikati ya vidole."

"Mimi si bibi. Tua magoti!"

"Sasa unanifokea, nitalalaje?"

Bibi alikuwa amejifunika kanga, lakini niliona kanga inavyotikisika kwa kicheko. Nikashusha sauti. Ndipo nikagundua kwamba huwezi kumwambia mtu atue mabega huku yako umeyapandisha mpaka masikioni. Neno linakataa kutoka. Nikayashusha. Nikavuta pumzi naye, nikaiachia naye. Tua kiuno. Tua mabega. Kama nilifika kichwani, sijui. Nilizinduka jua linapenya nyufa za mlango, nimelala nimekingama juu ya miguu ya Tatu, shavu limejaa mafuta ya karanga.

Toka siku hiyo kumlaza ikawa kazi yangu, na usingizi ukarudi. Tatu alikaa nasi mpaka mvua za mwaka uliofuata. Alipochukuliwa na mama yake, bibi hakuniita tena mgongoni, nami sikuomba.

Wajukuu zangu wananiambia bibi alikuwa mjanja tu, usingizi hauhami. Huenda. Wao wanalala na simu usoni, wanatazama raha za watu wengine, asubuhi wananilalamikia hawakupata hata lepe. Mimi najua usingizi wao umekwenda kwa nani.

Ninachokishukuru zaidi ni kwamba bibi hakunikaripia, wala hakuniambia nimpende Tatu. Hilo nisingeliweza. Aliutafutia wivu wangu kazi ya mikono, ukaosha miguu, ukapaka mafuta, ukachoka, ukalala. Asubuhi tuliamka wote wawili, mimi na wivu wangu, tukaenda kuchota maji.