Sura Aliyoichagua Mama

Dada yangu alipotea siku tuliyokimbia kutoka mlimani kwetu. Barabara ilijaa watu, risasi zikasikika nyuma, na tulipofika kambi ya wakimbizi ya Lushebere hatukuwa naye. Nyumba ilichomwa pamoja na picha zote za dada. Mama akabaki kambini akiuliza watu habari za mtoto ambaye hakuweza hata kuwaonyesha sura yake.

Kazi yangu ni kutengeneza mabango ya harusi na kalenda za parokia, hapa Masisi, kwa simu. Natumia programu tatu za akili mnemba, na kila moja ina mkono wake. Moja inachora kama penseli, haina makuu. Nyingine ni ya rangi za mafuta. Ukiiachia, hata mlevi anatoka mtakatifu. Ya tatu inatoa picha kama ya kamera, mpaka vinyweleo. Mama akaniomba nimtengenezee dada.

Tulikaa mbele ya hema, yeye akieleza, mimi nikiandika: pengo la meno ya mbele, kovu la jembe juu ya jicho, masikio madogo. Ile ya rangi ilimvisha shanga ambazo kwetu hakuna anayezivaa, tukacheka kidogo. Ya penseli niliipenda sana. Mistari yake ilikuwa michache, ikaniachia nafasi ya kumkumbuka. Mama alinirudishia simu haraka.

"Hii iko ya muntu mwenye alishakufa," alisema.

Akachagua ya tatu. Nilijua kabisa kwamba si yeye. Pua haikuwa yake, na macho yalikuwa ya mtu ambaye hajawahi kukimbia. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nikaenda kuichapisha.

Nilidhani ataitundika hemani. Kumbe alikwenda nayo sokoni, akawa anawaonyesha waendesha pikipiki, mmoja baada ya mwingine. Wote walitikisa kichwa, mpaka wiki iliyopita, alipotokea mmoja aliyetoka Walikale. Huyo aliishika picha, akaitazama, akaapa kwamba anamfahamu. Alisema msichana huyo anauza ndizi kando ya barabara kule, na kwamba amemtambua kwa pua na yale macho.

Nilimweleza Mama waziwazi kwamba pua ile na macho yale yametungwa na mashine, na mtu wa namna hiyo hayupo duniani. Aliendelea kukunja vitenge vyake.

"Sasa ule binti mwenye wa pikipiki aliona kule iko nani?"

Kesho yake alipanda pikipiki kwenda Walikale.

Tangu hapo najaribu kuukumbuka uso wa dada yangu na siwezi. Unakuja ule niliouchapisha. Simu ikilia, naiacha iite kwanza. Siogopi Mama aniambie hakumpata. Naogopa aniambie amempata, kisha ampe simu anisalimie.