Ufa wa Sufuria la Mama

Harufu ya chuma kitupu kinachoungua motoni hunitoa jikoni hadi leo. Naijua tangu utotoni Bagamoyo, kabla Wajerumani hawajatushika. Mama, mjane, aliwapikia wapagazi wa misafara pale mtaani Dunda, katika sufuria kubwa la chuma cha kusubu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Sufuria hilo ndilo lililotulisha, mimi na mdogo wangu Mwanaidi. Siku moja maji yalikaukia motoni. Mama, kwa kiherehere, akalimwagia mtungi wa maji baridi. Tak! Sauti ndogo tu, kama kucha inayovunjika. Ufa ukateremka kutoka ukingoni hadi tumboni.

Mjomba Kibwana alikuwa mhunzi hodari wa majembe. Jembe likipasuka, alilitia motoni hadi likawa jekundu, akaligonga likashikana. Basi akafanya vivyo hivyo, nasi watoto tukashangilia. Kwa pigo la kwanza sufuria likamomonyoka, vipande vikaanguka miguuni pake. Mjomba akaketi chini na nyundo yake.

“Dada, chuma nakijua. Hiki sikijui.”

“Basi, kaka, umejitahidi,” mama akasema, akaokota kipande. Ndani kilikuwa cha kijivu, kikampaka weusi vidoleni.

Haukupita muda shangazi akaja kutoka Msata kumchukua Mwanaidi, mpaka mama apate sufuria lingine. Mwanaidi alikwenda akigeuka nyuma kila mara. Nililia sana, lakini ningefanya nini? Sufuria halikupatikana, vita vya Wajerumani vikaja, kila mtu na lake, mimi na Mwanaidi hatukuonana tena, na mama akafa akiulaumu mkono wake.

Juzi mjukuu wangu, fundi wa reli, alikisugua kile kipande alichoniachia mama hadi kikang’aa, akakiweka chini ya hadubini. Niliona vitu vyembamba vyeusi, kama majani madogo, vimetapakaa ndani ya chuma.

“Bibi, hayo ni makaa laini, kama ya penseli. Ufa hupita humo humo, kutoka jani moja hadi jingine. Chuma hiki huzaliwa na njia zake za kuvunjikia, na hakifuliki kwa nyundo hata kikiwa cha moto.”

Leo kijana anayajua hayo yote, na hayanisaidii kitu. Hata hivyo nilikifunga kipande kwenye pindo la kanga, nikaenda Msata kumweleza mdogo wangu. Nilielekezwa nyumba yake, nikamkuta uani akipepeta mpunga, bibi kizee kama mimi. Akainuka kwa adabu, akanitandikia mkeka.

“Shikamoo, mama,” akasema. “Unamtafuta nani?”