Askari wa Mama

Neno lililomuua mama nililisema mimi, kwa simu, nimesimama barazani kwetu Bangwe. Kwenye cheti wameandika nimonia na saratani ya shingo ya kizazi. Mimi najua ninachokijua.

Tulikuwa tumerudi kutoka Dar es Salaam, alikopigwa mionzi wiki tano. Uvimbe ulikuwa umenywea. Lakini muuguzi aliyetuaga alinivuta pembeni.

"Mionzi haichagui, kaka. Imepiga uvimbe, imepiga na mifupa ya nyonga, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Chembe nyeupe zimeshuka. Askari wa mwili wamepungua. Mwenye mafua asimsogelee mpaka zipande tena."

Nilimwelewa vizuri. Ila mimi ni mvivu wa maneno. Mama mkubwa, dada yake mama, alipopiga simu kutoka Kagunga kuuliza hali, nilimjibu, "Anaendelea vizuri, ila askari wake wamepungua." Simu ilikuwa inakatika na mimi nilikuwa na njaa. Nikaona nimemaliza.

Kesho yake walishuka Kibirizi kwa boti, watu tisa. Mama mkubwa, wanawe, na majirani, mmoja wao akikohoa tangu uani.

"Tumesikia mdogo wangu hana askari," mama mkubwa alisema, mkungu wa ndizi bado uko kichwani. "Mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kiha, "tumekuja kuwa askari wake."

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama mlangoni na kueleza. Lakini kwetu mgonjwa ni wa watu, na anayemfungia mlango dada wa mgonjwa atasemwa mpaka wajukuu wake wasikie. Niliona haya. Haya hiyo naichukia mpaka leo. Nikasogea pembeni, wakaingia.

Mama alifurahi, nisimsingizie. Walisalimiana Kiha, kushikana mikono hadi viwikoni, kuulizana habari za nyumba nzima bila kuachiana. Yule wa kikohozi ndiye aliyemlisha uji, anaupoza kwanza kwa kuupuliza. Mama alicheka, kicheko cha kwanza tangu mionzi ianze. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nahesabu vikohozi.

Siku ya nne homa ilipanda. Hospitali walisema mapafu yameshambuliwa na mwili hauna cha kupigania. Alidumu siku mbili.

Baada ya kuzika, nilimkuta mama mkubwa jikoni akipepeta mchele wa watu wa msiba. Hakuwa analia. Aliniuliza bila kuinua macho.

"Tulikuja tisa tu. Mwana wanje, niambie ukweli. Tungekuja wengi zaidi, angepona?"

Maneno ya muuguzi yalinijaa mdomoni, yote, kwa mpangilio wake.

"Mlitosha, mama mkubwa," nikasema.

Akanishukuru, akaendelea kupepeta.