Vidole vya Mama Kabla ya Safari

Mashine ilikataa vidole vya mama mara sita. Msichana wa ofisi ya viza huko Nairobi, mpole kuliko mimi, alimwambia kama anayemwambia bibi yake, shosho, pangusa tena, weka tena, na mama akaweka tena kwa heshima kama mtu anayeapishwa. Wenzake wanane wa kikundi cha kusuka viondo, vikapu vya katani, walikuwa wamepita wote. Yeye, aliyewafundisha mishono yenyewe waliyoalikwa kwenda kuionyesha Ujerumani, hakuonekana kuwa na alama ya kidole hata moja. Miaka sitini ya kusokota katani ilikuwa imezisugua mpaka zikaisha.

Tulipewa nafasi ya kurudi baada ya wiki tatu. Msichana alishauri kwamba asiguse katani, asisugue sufuria kwa jivu, apakwe mafuta kila siku, na huenda alama zikarudi. Zisiporudi, wanane wangesafiri na mama angebaki kijijini Mutomo.

Ilikuwa likizo ya Agosti, shule ninayofundisha mjini Wote imefungwa, basi nikaenda kumlinda. Kulinda ndilo neno. Siku ya pili nilimfuma nyuma ya ghala, kiondo kimefichwa ndani ya leso, vidole vinakwenda mbio. Nilikasirika, na hasira zangu pale kijijini zinajulikana. Nilikusanya katani yote nikaifungia ndani ya sanduku lake la safari, ufunguo nikauvaa shingoni. Ndivyo tulivyoanza kufunga mizigo. Kila nilipofungua niweke sweta au soksi nzito, alisogea karibu akachungulia. Alitaka pia tuweke ndengu na asali, maana mkono mtupu haulambwi. Nikamwambia kwamba mwenyekiti wa kikundi amesema vyakula vyote vibaki. Akauliza huko waendako mgeni hupokelewaje, kama haruhusiwi kubeba kitu.

Jioni, mbuzi wakisharudi, nilikaa chini mbele ya kigoda chake nikampaka mafuta, kidole kwa kidole. Siku za kwanza tulioneana haya. Mama si mtu wa kushikana. Mkono wake ulikufikia ukileta chakula au ukileta kofi, basi, na tangu niolewe tulikuwa tukisalimiana kama wazee wa kanisa. Sasa nilikuwa nimeushika na hauna pa kukimbilia. Niliupenda, naona aibu kusema nilichelewa kiasi gani. Kwenye kidole cha shahada nilikuta kovu refu. Akaniambia ni la siku niliyozaliwa: alikuwa shambani akikata majani ya mkonge, uchungu ukamshika ghafla, panga likateleza. Miaka arobaini na mitatu, na sikuwahi kuuliza.

Wiki ya tatu alikuwa amekonda kwa kukosa kazi. Alisema hajui mikono aiweke wapi. Usiku aliilalia.

Tukarudi Nairobi. Niliomba nimesimama, macho wazi. Mashine ilikataa dole gumba, ikakubali, ikakataa kingine, ikakubali, mpaka vyote kumi vikaingia. Mimi nililia mbele za watu. Mama alinitazama tu, kisha akaomba ufunguo wake.

Kesho yake nilimfungulia sanduku, nikamrudishia katani, nikaanza kupanga nguo upya. Nilidhani ataanza kusokota papo hapo, na sikuwa na neno, nilijiambia kazi yangu imekwisha. Nilikuwa nimekwisha hata kuhesabu siku za kurudi Wote. Mbuzi waliporudi nilitoka nje nikamkuta ameketi kigodani, katani imelala chini haijaguswa, viganja vyote viwili amevifungua juu ya magoti.

Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, tumemaliza. Vidole vilishakubaliwa."

"Najua," akasema. "Paka tu."